Kelele za Upepo Si Umbali: Mkao wa Kutraki Katika Mwanguko Huru

Ndugu warukaji, wakufunzi wenzetu, na ninyi mnaojiandaa kuruka na makundi kwa mara ya kwanza:

Tutazungumzia sekunde chache tu za mruko, zile zinazoanza mnapoachana hewani na kuisha mkono unapofika kwenye kishikio cha parachuti. Katika sekunde hizo mrukaji anatakiwa atraki, yaani aunyooshe mwili na kuteleza kwenda mbele huku akianguka, mpaka afike mahali pasipo na mtu chini yake, juu yake wala pembeni yake, ndipo afungue. Ukimuuliza mrukaji mchanga kama anatraki vizuri, mara nyingi atakujibu kwamba anausikia upepo ukivuma masikioni na suti ikimpigapiga. Jibu hilo ndilo linalotutia wasiwasi. Upepo huvuma kwa nguvu zaidi kwa mtu anayepiga mbizi kwenda chini kuliko kwa anayeteleza kwenda mbele. Mtelezo unapimwa kwa hewa tupu iliyokuzunguka wakati unafungua, na hewa hiyo haina kelele.

Tuanze na hesabu. Watu wanne wakiachana kutoka katikati, kila mmoja akishika njia yake nyuzi 90 kutoka kwa jirani, na kila mmoja akaenda mita 50, majirani watakuwa wametengana kwa mita 71 hivi. Wakiwa wanane, kati ya njia na njia kuna nyuzi 45, na mita 50 zile zile zinawapa majirani mita 38 tu. Mmoja wao akikosea mwelekeo kwa nyuzi 20 kumwelekea mwenzake, pengo linabaki karibu mita 22. Sasa chukulia kwamba miavuli yao inafunguka ikitazamana, jambo linaloweza kumpata hata aliyefungasha parachuti yake kwa uangalifu mkubwa. Mwavuli wa kawaida huenda mbele takriban mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo miwili inayotazamana hukaribiana kwa mita 20 kila sekunde. Mita 38 zinakupa chini ya sekunde 2 kuikamata mikanda ya nyuma, ile inayokuunganisha na mwavuli, na kuugeuza. Mita 22 zinakupa sekunde moja na ushei. Hapo utaona kwamba mwelekeo una uzito ule ule wa mwendo, na kwamba kundi linapokua, mtelezo wa kubahatisha hautoshi tena.

Muda wenyewe ni mfinyu. Mwili uliolala kifudifudi huanguka kwa takriban kilomita 195 kwa saa, ambazo ni mita 54 kwa sekunde. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinashauri kundi la watu 5 au pungufu liachane angalau futi 1,500 juu ya kimo cha juu kabisa ambacho mmoja wao amepanga kufungua, na kundi la watu 6 au zaidi liachane angalau futi 2,000 juu yake. Futi 1,500 ni mita 457, sawa na sekunde 8 na nusu. Toa sekunde 1 au 2 za kugeuka. Toa nyingine 2 au 3 za kusimamisha mwendo, kutazama na kupunga mikono. Zinazobaki ni 4 au 5. Mtu anayehangaika sekunde 3 kuutafuta mkao sahihi atakuwa ameumaliza mtelezo wake kabla haujaanza. Ukiulaza mwili vizuri, unapunguza pia kasi ya kushuka, na hapo unajirudishia muda kidogo. Anayepiga mbizi anapoteza vyote viwili.

Kwa nini mwili unakwenda mbele? Katika mkao wa boksi, ule wa magoti na viwiko vilivyokunjwa, hewa inakupiga kutoka chini na kutawanyika sawasawa pande zote, kwa hiyo huendi popote. Ukinyoosha miguu, eneo la nyuma linaongezeka, upepo unaiinua miguu na kichwa kinashuka kidogo. Ukirudisha mikono nyuma, eneo la mbele linapungua na kichwa kinashuka zaidi. Mwili ulioinama hivyo unasukuma hewa kuelekea nyuma, nayo hewa inakusukuma mbele. Miguu ndiyo injini. Mikono inasawazisha tu. Ndiyo maana tunasisitiza kila mara: miguu kwanza, mikono ifuate. Anayetangulia kurudisha mikono anakiangusha kichwa kabla hajawa na kitu cha kumsukuma mbele, na matokeo yake ni mbizi inayompeleka chini ya wenzake.

Mwendo ukishakolea, mambo yanabadilika. Mtelezaji hodari hukaribia kwenda mita 1 mbele kwa kila mita 1 anayoshuka. Kwa kiwango hicho upepo haumpigi tena kutoka chini moja kwa moja. Unamjia kutoka mbele na chini, kwa nyuzi 45. Mwinamo uliokuwa sahihi katika sekunde ya kwanza unakuwa mkali mno katika sekunde ya nne. Kwa hiyo anza na kichwa kilichoshuka kidogo tu kuliko miguu, kisha, kadiri unavyohisi upepo ukihamia mbele, ulaze mwili pole pole. Wengi huushika mwinamo wa mwanzo mpaka mwisho, halafu hushangaa kuona kwenye video kwamba jirani aliyekuwa sawa naye sasa yuko juu yake.

Tuupitie mwili wenyewe, tukianzia miguuni kwa sababu ndiko kwenye makosa mengi.

Vidole vya miguu vinyooshwe nyuma kabisa. Magoti yakazwe mpaka uihisi misuli ya mapaja imeshika. Hapa ndipo watu wanapojidanganya kwa dhati: mrukaji anaapa kwamba miguu yake ilikuwa imenyooka, na video inaonyesha magoti yamekunjika vizuri tu. Sababu ni mbili. Kwanza, miezi ya kuruka kwa mkao wa boksi imeuzoesha mwili kwamba goti lililokunjwa ndilo la kawaida. Pili, upepo wenyewe unazisukuma nyayo kwenda juu, kwa hiyo mguu usiokazwa hujikunja bila ruhusa yako. Alama ya kutafuta ni shinikizo la upepo kwenye mifupa ya miundi. Ukilihisi hapo kwa nguvu, na sawa kwa miguu yote miwili, miguu imenyooka. Usipolihisi, nyayo zako zimo kwenye hewa iliyovurugika nyuma ya mapaja na injini imezimika. Upana wa miguu uwe kama wa mabega unapoanza kujifunza, kisha uupunguze taratibu. Miguu iliyopanuka mno ni imara lakini inapunguza mwendo. Iliyobanwa pamoja hukimbia haraka lakini huyumba kushoto na kulia.

Nyonga ndizo zinazowachanganya watu zaidi, kwa sababu somo la kwanza kabisa la kuruka linafundisha kinyume chake. Mwanafunzi huambiwa asukume nyonga chini, mwili uwe kama upinde, ili awe imara. Katika kutraki, upinde huo unaondolewa. Kaza makalio, vuta kitovu kuelekea uti wa mgongo, mpaka lile bonde la mgongo wa chini lijae. Ukiacha nyonga zishuke, hewa inateleza pembeni badala ya kubaki chini yako, nawe unashuka haraka. Lakini usizidishe. Aliyejikunja kiunoni kama bawaba huiteremsha miguu chini ya kiwiliwili, mwendo unakatika, na mwili unaanza kutikisika.

Mabega yazungushe mbele na chini, kifua kiwe na bonde. Kidevu kivute ndani, macho yakitazama upeo wa macho pasipo kuinua shingo. Shingo inayoinuka inafungua mabega, mabega yanatokeza kifua, kifua kinarudisha upinde. Kosa moja dogo la kichwa linaharibu kazi yote ya kiwiliwili. Mtazamo uhame kwa macho kwanza, kisha kichwa, na kichwa kikihama kisogee pembeni, si juu.

Mikono iwe imenyooka pembeni ya mwili, imeachana nao kwa nyuzi 30 hadi 45, vidole vimeshikana, viganja vikitazama chini na kuibonyeza hewa. Mahali pake ni chini kidogo ya usawa wa nyonga. Kosa la kawaida ni kuirudisha nyuma na juu, kama mtu anayetaka kugusanisha viganja mgongoni. Jamaa anadhani anajifanya mshale. Kinachotokea ni kwamba mifupa ya mabega inakutana, kifua kinatokeza, kichwa kinadidimia, na mtelezo unageuka kuwa mbizi. Mikono ikienda mbele mno nayo inakuwa breki. Ukivipanga viungo hivi vyote kwa pamoja, mwili wako utazamwe kama mtumbwi uliofudikizwa: mrefu, umenyooka, una uwazi tumboni mwake wa kushika hewa. Mgongo wa mviringo ndio dalili nzuri. Bonde likionekana mgongoni, anza upya.

Mkao huu ni kazi. Sekunde 10 zake zinatosha kuyachosha mapaja na tumbo la mtu asiyezoea, na anayetua akisema hakuhisi chochote kwa kawaida hakukaza chochote. Hata hivyo kukaza kusiwe kukakamaa. Kaza miguu na tumbo. Uso, shingo na vidole vya mikono viwe tulivu, na upumue.

Mwili ukianza kuyumba, usipige makasia kwa mikono. Panua miguu kidogo, panua mikono kidogo, subiri sekunde moja upepo ushike, kisha rudi kwenye mkao. Chanzo cha kuyumba karibu kila mara ni upande mmoja kutofanana na mwingine. Ukijikuta unapinda bila kutaka, chunguza magoti kabla ya kitu kingine chochote: mguu uliokunjika hausukumi sawa na ulionyooka, nawe utapinda kuelekea upande wa mguu uliokunjika. Wengi hulirekebisha kwa bega, na matokeo yake wanateleza na makosa mawili yanayovutana.

Kuhusu mwelekeo. Njia yako iamuliwe ardhini, siyo kwenye kimo cha kuachana. Ishara ikitoka, geuka nyuzi 180 kutoka katikati ya kundi kwa kutanguliza kichwa na mabega, na uanze kunyoosha miguu pale tu unapoyaona mazingira unayoyaendea. Ukinyoosha miguu katikati ya kugeuka, injini inawaka ukiwa umemwelekea jirani. Chagua alama moja mbali, kwenye upeo wa macho: kilima, wingu, mwisho wa ziwa. Alama iliyo chini yako haikufai kwa sababu inahama unavyosogea. Ukihitaji kurekebisha, shusha bega la upande unaotaka kwenda kwa sentimita chache tu, kisha lirudishe. Katika mwendo huo bega dogo hutosha.

Usiifuate alama kama kipofu. Tazama kushoto, tazama kulia, tazama chini mbele yako. Ukiona jirani anakukaribia, gawa nafasi iliyopo kati yake na yule wa upande wa pili. Aliye chini ndiye mwenye haki ya njia, maana akifungua, yeye atasimama hewani na wewe uliye juu ndiye utakayemwangukia. Lakini haki hiyo isikufanye upige mbizi upite chini ya wenzako. Ukijipeleka chini ya mtu na kufungua hapo, umejiweka kwenye njia ya mwili unaoanguka kwa mita 50 na zaidi kila sekunde, na huna namna yoyote ya kumkwepa. Ndiyo sababu kuu ya kuulaza mtelezo tangu sekunde ya kwanza, hata kama mbizi ya mwanzo ingekupa kasi.

Sasa kusimama. Sehemu hii hupuuzwa, na gharama yake hulipwa na shingo na mgongo. Chukua mfano wa mtu anayeteleza kwa mita 40 kwa sekunde mbele na mita 45 kwa sekunde chini. Upepo unaompiga una kasi ya mita 60 kwa sekunde, si 54. Nguvu ya kufunguka kwa mwavuli hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo anapokea mshtuko uliozidi kwa karibu asilimia 24. Aliyepiga mbizi mpaka mita 70 kwa sekunde anapokea uliozidi kwa asilimia 68. Kwa hiyo, kabla ya kufungua, leta mikono pembeni kisha mbele, bonyeza hewa, kunja magoti, rudisha nyonga chini, uingie kwenye boksi. Mwendo wa mbele utapungua kwa sekunde 1 au 2. Wakati huo huo tazama: mbele, pembeni, chini. Punga mikono yote miwili juu ya kichwa kwa upana wa kuonekana na aliye juu yako, ndipo uvute.

Anayevuta angali amenyooka ana hatari ya pili. Mkono wa kulia ukiacha nafasi yake kwenda kwenye kishikio, upande huo unapoteza hewa na mwili unalalia upande, na mwavuli unaofunguka juu ya mwili uliolala upande huelekea kugeuka. Katika boksi, mkono wa kushoto huenda mbele juu ya kichwa kuusawazisha ule wa kulia uliokwenda nyuma. Kujigeuza chali ili kuangalia kama juu kuna mtu hatukushauri katika kundi: kunakula kimo, kunapoteza mwelekeo, na kunatokea dakika ile ile ambayo wengine wanahitaji ujulikane uko wapi.

Mazoezi, basi. Yaanze ukutani. Simama umeupa ukuta mgongo, visigino sentimita 10 kutoka ukutani. Bonyeza mgongo wa chini mpaka mkono wa mwenzako usiweze kupita kati yake na ukuta: hiyo ndiyo hali ya nyonga unayoitaka. Vuta mabega yaondoke ukutani, vuta kidevu, peleka viganja mbele ya mapaja kama sentimita 15, viganja vikitazama mbele. Kaza magoti. Shikilia sekunde 20, pumzika, rudia mara 5, na mwenzako akupige picha ya ubavuni. Kisha lala kifudifudi sakafuni ufanye vivyo hivyo ukiinua magoti yasiguse sakafu. Handaki la upepo la wima, lile linalopuliza hewa kwenda juu ukaelea ndani yake, linafaa kwa kujifunza kunyoosha miguu na kuhisi miundi, lakini halina nafasi ya kukolea mwendo, kwa hiyo usitegemee likumalizie somo.

Ukifika angani peke yako, jambo la kwanza ni njia ya ndege. Makundi yanatoka moja baada ya jingine kwenye mstari huo, na pengo kati yao linapimwa kwa sekunde za kusubiri mlangoni. Anayetraki kuufuata mstari, mbele au nyuma, analifuta pengo hilo na kuingia katika hewa ya kundi jingine. Ujue mstari huo kabla ya kupanda ndege, uujue kwa alama za ardhini, na uteleze kwa nyuzi 90 kutoka kwake. Mwambie anayepanga mpangilio wa kutoka kwamba unakwenda kutraki. Hili halina mjadala, hata ukiwa na miruko mia tano.

Kutoka kimo cha mita 4,000 unaweza kufanya mitelezo mitatu: sekunde 8 hadi 10 kwenda, simama kwenye boksi, soma altimita (kipima kimo), geuka nyuzi 180, rudi. Kwenda na kurudi hukuweka karibu na mahali ulipoanzia, na kila mara unazoeza kuanza na kusimama, ambavyo ndivyo vinavyokula sekunde zako siku ya kundi. Altimita ya mkononi haisomeki ukiwa umenyooka. Ukiuleta mkono usoni utapinda. Kengele ya kimo ndani ya helmeti inasaidia, lakini isiwe mbadala wa kusoma kila unaposimama.

Kila mruko shughulikia kiungo kimoja. Mruko huu magoti, ujao nyonga, unaofuata mikono. Anayejaribu kurekebisha vyote kwa pamoja hatajua kipi kilimsaidia. Suti maalumu za kutraki, zenye mifuko inayojazwa na hewa, ziache mpaka mkao uwe umekaa sawa katika suti ya kawaida, kwa kuwa zinampa hata mwenye magoti yaliyokunjika umbali wa kumridhisha, naye hajui anachokosa.

Ukiweza kupata kifaa cha GPS cha kurukia, gawanya kasi ya mbele kwa kasi ya kushuka. Usiamini mtelezo mmoja pekee: upepo wa angani unaongeza ukienda nao na unapunguza ukiupinga. Chukua wa kwenda na wa kurudi, utafute wastani. Kisha weka namba hiyo kando ya video na ya kile ulichokihisi. Mtelezo uliouhisi kuwa wa kasi kuliko yote mara nyingi ndio ulioshuka kuliko yote. Wenye maswali tuanze nayo, halafu twende ukutani, wawili wawili, mmoja akiwa na simu ya kupigia picha.